Safari ya Namba: Kufundisha Vigawo vya Shirika kwa Njia ya Mifuatano

1. Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hupewa mada ya Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, akaifundisha kama ilivyofundishwa tangu zamani. Huandika ubaoni namba mbili, huzichanganua katika vigawo tasa, hukusanya vigawo vinavyofanana, huvizidisha, kisha hutoa maswali kumi ya namna hiyo hiyo. Watoto hujibu, na wengi hupata. Lakini ukimwuliza mmoja wao, “KKS ya 12 na 18 inakusaidia nini?” hunyamaza. Amejifunza kupata jibu la swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuliuliza.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha njia nyingine. Tunapendekeza watoto waunde mifuatano ya namba kwa kanuni inayotegemea vigawo vya shirika. Katika mfuatano, namba inayofuata haijulikani mpaka vigawo vichunguzwe. Kwa hiyo mtoto hutafuta kigawo cha shirika mara ishirini au thelathini katika kipindi kimoja, wala hachoki, kwa kuwa anataka kujua safari inaelekea wapi. Aidha, mifuatano hii humfikisha mtoto mahali ambapo hisabati yenyewe huanzia, yaani kuona jambo likijirudia na kuuliza, “Je, litakuwa hivyo siku zote?” Jinsi mwalimu anavyolijibu swali hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka kulizungumzia.

Ili mifano yetu iwe na mahali pa kusimama, tuchukulie darasa la tano au la sita katika shule iliyoko Kigwa, kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Kigwa ilikuwa kituo katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Burton na Stanley wote wawili wameitaja Kigwa katika maandishi yao, baada ya Rubuga na kabla ya kufika Tabora. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na shanga, nyaya na nguo. Hivyo mtoto wa Kigwa anakaa mahali ambapo watu walikuwa wakipima, wakigawa na kuhesabu vituo kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Yafaa mwalimu akumbuke pia kwamba katika njia hiyo walipitishwa watu waliotekwa ili wauzwe. Kwa sababu hiyo tunachukua vipimo na vituo tu. Haifai kuwafanya watoto waigize mabwana na mateka kwa ajili ya mchezo wa hesabu.

2. Somo la kwanza: Mfuatano wa doti

Shabaha: Mwanafunzi aweze kutaja KKS ya 8 na namba yoyote, na kueleza kwa nini majibu yanajirudia.

Zana: Kamba au vipande vya nguo kuukuu, mbegu za ukwaju au vijiwe.

Mwalimu aanze kwa kueleza vipimo vya nguo vya wakati wa misafara. Nguo kama merikani, iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, ilipimwa kwa mkono, yaani urefu wa tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilifanya shuka moja. Mikono 8, yaani shuka mbili, ilifanya doti moja.

Sasa litolewe tatizo. Tuna doti moja ya mikono 8, na kitambaa kingine chenye urefu wa mikono 6. Tunataka kuvikata vyote viwili katika vipande vilivyo sawa, visibaki vitamvua, na kila kipande kiwe kirefu kadiri iwezekanavyo. Kila kipande kitakuwa cha mikono mingapi? Watoto wakijaribu kwa kamba wataona kwamba mikono 3 inafaa kwa 6 lakini haifai kwa 8. Mikono 4 inafaa kwa 8 lakini haifai kwa 6. Mikono 2 inafaa kwa vyote viwili. Jibu ni 2, nalo ndilo KKS ya 6 na 8. Mwalimu asilitaje neno KKS mpaka hapo, ili jina lifuate jambo ambalo mtoto amekwisha kuliona.

Kisha darasa ligawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe urefu wake: mkono 1, mikono 2, mikono 3, na kuendelea hadi 16. Majibu yaandikwe ubaoni kwa mpango:

1, 2, 1, 4, 1, 2, 1, 8, 1, 2, 1, 4, 1, 2, 1, 8

Watoto wataona mambo mawili bila kuambiwa. La kwanza, baada ya namba nane mfuatano unaanza upya. La pili, namba saba za mwanzo zinasomeka vile vile zikisomwa kutoka kulia au kutoka kushoto: 1, 2, 1, 4, 1, 2, 1.

Hapa ndipo mwalimu auwekee mkazo usemi huu: “Tumeona. Sasa tueleze.” Maelezo hayako mbali na uwezo wa mtoto. Ikiwa kipande cha mikono 2 kinakata kitambaa cha mikono 6 bila kubakiza, basi tukikiongezea kitambaa hicho doti nzima, ambayo nayo hukatwa na kipande hicho bila kubakiza, kitambaa kipya cha mikono 14 hukatwa vile vile. Wala kipande kirefu zaidi hakiwezi kufaa, maana kingefaa kwa 14 na kwa 8, basi kingefaa pia kwa 6 inayobaki tukiiondoa doti. Hivyo kuongeza 8 hakubadili jibu. Hii ndiyo sababu ya kujirudia, nayo ni kweli kwa kila urefu, hata ule ambao hakuna kikundi kilichoupima. Hoja hiyo hiyo, ikitumiwa kwa kuondoa badala ya kuongeza, inaeleza kwa nini mfuatano unasomeka sawa pande zote mbili: kitambaa cha mikono 3 na kile kinachobaki tukikata mikono 3 katika doti, yaani mikono 5, vina jibu moja.

Kabla ya kufunga kipindi, watoto wafanye mfuatano huo kwa 7 badala ya 8. Watapata 1, 1, 1, 1, 1, 1, 7. Kisha kwa 12, nao watapata 1, 2, 3, 4, 1, 6, 1, 4, 3, 2, 1, 12. Ulizeni: Mbona wa 7 ni kimya hivyo, na wa 12 una maneno mengi? Mtoto atakayejibu kwamba 7 haina kigawo ila 1 na yenyewe, ameifahamu namba tasa kuliko yule aliyekariri orodha yake.

3. Somo la pili: Safari ya vituo

Shabaha: Mwanafunzi aweze kutambua haraka kama namba mbili zina kigawo cha shirika kisichokuwa 1, na kufuata kanuni yenye masharti matatu.

Zana: Kadi au vipande vya boksi vilivyoandikwa 1 hadi 60, uwanja wa shule.

Kadi zipangwe chini kwa mpangilio. Mwalimu aeleze kwamba namba zinasafiri, na kila namba ni kituo. Tunaanzia kituo 1, tunakwenda kituo 2. Baada ya hapo kanuni ni hii:

(a) Kituo kinachofuata lazima kiwe na kigawo cha shirika na kituo tulichopo, mbali na 1.
(b) Kituo kilichokwisha kupitiwa hakirudiwi.
(c) Katika vituo vyote vinavyofaa, huchukuliwa kilicho kidogo kuliko vyote.

Kutoka 2 tunakwenda 4, kwa kuwa 3 haishiriki kigawo na 2. Kutoka 4 tunakwenda 6. Kutoka 6 tunarudi nyuma hadi 3, kwa kuwa 3 haijapitiwa nayo inashiriki kigawo 3 na 6. Kutoka 3 tunakwenda 9, kisha 12, kisha 8. Tukiendelea hivyo tunapata:

1, 2, 4, 6, 3, 9, 12, 8, 10, 5, 15, 18, 14, 7, 21, 24, 16, 20, 22, 11, 33, 27, 30, 25, 35, 28, 26, 13, 39 ...

Mfuatano huu una historia fupi. Ulibuniwa na Jonathan Ayres mwaka 2001, ukaingizwa katika mkusanyo mkubwa wa mifuatano ulioanzishwa na mwanahisabati Neil Sloane mwaka 1964. Ukichorwa kwa grafu, mstari wake hupanda na kushuka ghafla kama ule unaochorwa na mashine ya hospitali inayopima mapigo ya moyo, na ndiyo sababu wanahisabati wameupa jina la kipimo hicho. Watoto na wauchore katika karatasi ya miraba. Wataona wenyewe jinsi unavyoporomoka kila unapofika kwenye namba tasa.

Makosa ya watoto katika safari hii yana faida kubwa kwa mwalimu, kwa kuwa kila kosa husema jambo lake. Anayeandika 5 baada ya 4 huenda anaihesabu 1 kuwa kigawo cha shirika kinachotosha. Anayeandika 8 baada ya 6 anadhani mfuatano lazima upande tu, hakutazama nyuma. Anayeandika 6 baada ya 9 amesahau sharti la pili. Anayeandika 20 baada ya 15 ameona kigawo 5 akakisahau kigawo 3, kwa hiyo ameipita 18. Mwalimu asifute makosa haya upesi. Aulize kikundi, “Ni sharti gani limevunjwa?” na wenzake wamsaidie.

Ni dhahiri kwamba mtoto mmoja atauliza, “Mwalimu, mbona 5 inachelewa hivyo?” Swali hili ni la thamani. 5 haiwezi kufikiwa ila kutoka katika namba inayogawanyika kwa 5. Imengoja mpaka 10 ilipopitiwa. Hali kadhalika 7 imeingoja 14, na 11 imeingoja 22. Namba tasa hazina milango mingi.

4. “Siku zote”

Sasa tunafika penye jambo lenyewe. Mwalimu awaambie watoto wapige mstari chini ya kila namba tasa witiri, pamoja na jirani zake wawili. Watapata:

6, 3, 9
10, 5, 15
14, 7, 21
22, 11, 33
26, 13, 39

Haitachukua muda kabla mtoto hajanyosha mkono na kusema: “Kabla ya namba tasa huja mara mbili yake, na baada yake huja mara tatu yake. Ni hivyo siku zote!”

Mwalimu atamjibuje? Akisema, “Ndiyo, vizuri sana,” atakuwa amesema jambo ambalo kwa bahati ni kweli, lakini atakuwa amemfundisha mtoto kwamba mifano mitano inatosha. Akisema, “Hayo hayamo katika somo letu,” atakuwa amemfunga mdomo mtoto aliyefanya kazi ya mwanahisabati. Majibu yote mawili yana hasara, na hasara ya la kwanza ni vigumu kuiona kwa sababu limevaa nguo ya sifa.

Tunapendekeza hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kupima zaidi. Darasa liendeleze safari. Baada ya 39 huja 36, 32, 34, 17, 51, 42, 38, 19, 57. Namba 17 na 19 zimeitii kanuni. Sasa tuna mifano saba.

Hatua ya pili ni kuonyesha kwamba mifano, hata ikiwa mingi, yaweza kudanganya. Mwalimu atoe hesabu hii: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba hiyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41. Kwa 1 unapata 43. Kwa 2 unapata 47. Kwa 3 unapata 53. Zote ni tasa. Endelea hadi 39, na majibu yote arobaini ni namba tasa. Nani asingesema “siku zote”? Lakini kwa 40 jibu ni 1681, nayo ni 41 mara 41. Mwanahisabati Leonhard Euler aliandika juu ya hesabu za namna hii mwaka 1772, na tangu hapo walimu wamezitumia kuwaonya wanafunzi wenye haraka.

Hatua ya tatu ni kutenga sehemu ya dai ambayo watoto wanaweza kuithibitisha wenyewe. Namba tasa kama 13 haina kigawo ila 1 na 13. Basi jirani yake, awe wa kabla au wa baada, lazima agawanyike kwa 13. Hili ni kweli siku zote, na sababu yake imeonekana. Aidha, ikiwa kabla ya 13 imepitiwa 26, na 39 haijapitiwa, basi lazima 39 ifuate, kwa kuwa ndicho kigawe kidogo cha 13 kilichobaki. Linabaki swali moja gumu: kwa nini kigawe kinachotangulia kiwe ni mara mbili, kisiwe mara tatu au mara tano?

Mwalimu aseme wazi kwamba swali hilo liliwashughulisha wataalamu. Jeffrey Lagarias, Eric Rains na Neil Sloane waliuchunguza mfuatano huu katika makala yao ya mwaka 2002, wakaliacha dai hilo kama jambo linaloelekea kuwa kweli lakini lisilothibitishwa. Lilithibitishwa mwaka 2008 na Piotr Hofman na Marcin Pilipczuk. Mtoto wa Kigwa aliyenyosha mkono aliona kwa macho yake jambo ambalo wanahisabati walilitafutia sababu kwa miaka. Aambiwe hivyo. Hakuna sifa ya bure inayoweza kulingana na ukweli huu.

5. Kwa mwalimu: Je, kuna namba itakayoachwa njiani?

Swali lingine linaloulizwa na watoto ni hili: “Je, kila namba itafikiwa, au nyingine zitasahauliwa?” Wataalamu watatu tuliowataja walithibitisha mwaka 2002 kwamba kila namba hufikiwa, mara moja tu. Sehemu ya hoja yao yafaa kila mwalimu aijue, maana haihitaji zaidi ya akili ya kawaida.

Tukubali kwanza kwamba namba shufwa zinaendelea kuja katika safari bila mwisho. Hilo lina uthibitisho wake ambao hatutauingia hapa. Je, shufwa mojawapo, tuseme 100, yaweza kuachwa milele? Kila tunapofika kwenye namba shufwa, 100 ina haki ya kufuata, kwa kuwa inashiriki kigawo 2. Ikiwa haikuchukuliwa, sababu ni moja tu, kwamba imechukuliwa namba iliyo ndogo kuliko 100. Lakini namba zilizo ndogo kuliko 100 ni 99 tu, na kila moja huchukuliwa mara moja. Ni kama foleni ya kisimani ambako mdogo hutangulia: waliokutangulia wana idadi, nao wakishateka hawarudi. Zamu yako lazima ifike. Basi kila namba shufwa itafikiwa.

Na namba witiri je? Tuchukue 35. Vigawe vyake 70, 140, 210 na vingine vya namna hiyo ni namba shufwa, kwa hiyo vyote vitafikiwa, navyo havina mwisho. Kila kimoja kinapofikiwa, 35 ina haki ya kufuata. Zilizo ndogo kuliko 35 ni 34 tu. Basi 35 nayo itafikiwa. Hoja hii haikupima hata kituo kimoja, lakini imevishika vyote. Tofauti kati yake na orodha ndefu ya mifano ndiyo tofauti kati ya kuthibitisha na kushuhudia.

6. Mpango wa vipindi

Somo la kwanza latosha kipindi kimoja cha dakika 40. Somo la pili lipewe vipindi viwili: kimoja uwanjani kwa kadi, cha pili darasani kwa grafu na majadiliano ya “siku zote”. Mwalimu mwenye darasa kubwa aweke vikundi vya watoto sita hadi wanane, kila kikundi kikiwa na msimamizi wa kila sharti: mmoja atazame kigawo cha shirika, mmoja atazame kituo kisirudiwe, mmoja atazame kama hakuna kidogo zaidi. Panapokosekana kadi, vijiwe na namba zilizochorwa mchangani vinatosha kabisa.

Katika andalio la somo, mwalimu aandike pembeni ya kila dai neno moja kati ya haya: tumeona, au tumethibitisha. Zoea hili dogo litamlinda asije akawapa watoto la kwanza kwa bei ya la pili.

7. Mazoezi kwa walimu wanafunzi

(1) Andika mfuatano wa KKS ya 10 na namba 1 hadi 20. Eleza kwa maneno ya mtoto wa darasa la tano kwa nini unajirudia.

(2) Safari ya vituo ianzishwe kwa 1 na 3 badala ya 1 na 2. Andika vituo ishirini vya mwanzo. Ni wapi safari hii inafanana na ile ya kwanza?

(3) Mwanafunzi ameandika 1, 2, 4, 6, 3, 9, 12, 10. Amevunja sharti gani? Andika swali moja la kumwongoza bila kumpa jibu.

(4) Anza na 7. Ongeza KKS ya 7 na 2, upate 8. Kisha ongeza KKS ya 8 na 3, upate 9. Kisha KKS ya 9 na 4, upate 10. Kisha KKS ya 10 na 5, upate 15. Endelea hivyo hadi hatua ya 12. Mfuatano ni 7, 8, 9, 10, 15, 18, 19, 20, 21, 22, 33, 36. Orodhesha nyongeza zake. Zote ni 1 au namba tasa; Eric Rowland alithibitisha mwaka 2008 kwamba ni hivyo siku zote. Panga jinsi utakavyolifundisha hili bila kulitaja jina lake mpaka watoto wenyewe wamelidai.

(5) Tafuta katika kitabu cha hisabati unachotumia kanuni moja ambayo watoto hupewa kwa mifano tu. Iandikie sababu ambayo mtoto anaweza kuifuata, uifundishe kwa wenzako, nao waseme kama wamethibitishiwa au wameonyeshwa tu.